Kozi ya kuuza nyumba mpya hapa Nakuru, nimeimaliza na haya ndio maoni yangu

Watu wengi wamekuwa wakiniuliza kwa WhatsApp hii kozi ikoje, wacha niandike mara moja kila mtu asome. Ni ile ya wiki sita ya kufundisha mtu kuuza nyumba mpya akishirikiana na madevelopa, wale wanaojenga nyumba za kuuza, iko ghorofani hapa tauni karibu na Kenyatta Avenue. Jina siandiki juu kuna mambo nitalalamikia na sitaki kuharibia mtu biashara. Nililipa 18,500, elfu nane siku ya kujiandikisha na salio wiki ya tatu, na walinikubalia kulipa hivyo bila maneno mengi. Naipa nyota nne kwa tano. Hiyo moja niliyotoa nitaeleza huko chini juu ilinigharimu pesa.

Mimi nimetoka hardware. Miaka sita nimeuza nondo, simiti, mabati na rangi, na kazi yangu ilikuwa kukaa kaunta na kuandika risiti za mafundi. Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji Desemba 2021 oda zilikuwa zinaenda Kiamunyi, Ngata, Lanet, mpaka kule Mbaruk, na sio mtu mmoja anajenga kwake, ni nyumba ishirini, thelathini kwa shamba moja, zote paa rangi moja. Nikaanza kujiuliza hizi nyumba zikiisha nani anaziuza, juu mimi najua zimejengwa na nini ndani na huyo anayeuza labda hajui. Ndio nikaenda kujiandikisha.

Wiki ya kwanza sikuipenda. Ilikuwa ni kupandishwa morali tu, simameni, pigeni makofi, semeni mimi ni mshindi, halafu mtu anaonyesha picha ya gari alilonunua na komisheni. Kulikuwa na kijana mmoja ametoka Kericho kila siku na matatu, analipa nauli, anafika amechelewa kidogo, na anachopata ni makofi. Nilimwonea huruma. Mtu akiamua kuacha kazi yake aje kusoma, morali tayari anayo, mpe kazi.

Wiki ya pili ndio akaingia Madam, na hapo kozi ikabadilika kabisa. Huyu mama amekaa kwa hizi kazi za ardhi miaka mingi na hana haraka ya kukufurahisha. Siku ya kwanza aliandika kwa ubao 5,800,000 akatuambia hii ni bei ya mezoneti ya vyumba vitatu, sasa niambieni mteja anahitaji pesa ngapi ndio aingie na funguo. Sisi wote tukasema si ni hizo hizo. Akaanza kuongeza. Ushuru wa stempu kwa mji ni asilimia 4, hiyo ni 232,000. Wakili wake. Kama anachukua mkopo kuna valuesheni, yaani kukadiria thamani ya nyumba, na gharama za benki. Maji na stima kuunganishwa, uliza kama devolopa amehesabu ama mteja ndio atalipa. Hesabu ikawa ndefu na darasa likanyamaza. Akasema, "Huyo mteja mmemwambia milioni tano na laki nane, amekopa kwa sacco hiyo hiyo, sasa hii ingine atatoa wapi? Atarudi kwenu, na hatarudi akicheka."

Hiyo kitu nimeitumia kila wiki tangu nianze kazi. Mteja akiniuliza bei nampa bei ya nyumba na bei ya kuingia, zote mbili kwa karatasi moja. Kuna wenye wameenda zao baada ya kuona ya pili, na ni sawa, bora aende sasa kuliko aende akiwa ameacha dipoziti.

Madam pia ndiye alituambia mapema kitu ambacho kwa tangazo lao hakikuandikwa, na nadhani kingeandikwa: cheti cha hii kozi sio leseni. Kenya hapa kuna Sheria ya Maajenti wa Nyumba, Cap 533, ya tangu 1984, na kuna bodi inaitwa Estate Agents Registration Board. Ukitaka kufungua ofisi yako ujiite ajenti lazima uwe umesajiliwa na hiyo bodi, na ina masharti yake ya masomo na uzoefu, sio wiki sita. Kwa hivyo ukimaliza hapa una njia mbili, uajiriwe na devolopa kama muuzaji wake ama ufanye chini ya ajenti aliyesajiliwa. Mimi niko kwa hiyo ya pili. Na kabla hujakubali kufanya na mtu, angalia jina lake kwa orodha ya bodi kwanza, usimuonee aibu, yeye mwenyewe kama ni wa kweli atafurahi umeuliza.

Sasa karatasi. Hapa ndio nasema kozi ilinilipa pesa yangu yote. Wiki ya nne tulipelekwa ofisi ya ardhi tukafundishwa kufanya sachi, yaani kuomba rekodi rasmi ya hiyo ardhi, na kuisoma, si kuishika tu. Jina la mwenye ardhi ni la devolopa kweli ama bado ni la yule mzee aliyemuuzia? Kuna kaveati, yaani mtu ameweka zuio isiuzwe? Kuna chaji ya benki, yaani ardhi imewekwa dhamana ya mkopo? Hii ya chaji ilinishangaza juu nilidhani ukiona benki kwa hati basi ni ukora, kumbe madevelopa wengi hujenga kwa mkopo na hati yenyewe inakaa benki, si kosa, ila mteja lazima ajue, na wakili wake aone barua ya benki kwamba nyumba yake ikilipwa itaachiliwa. Kama ardhi bado ni ya kilimo kuna idhini ya bodi ya ardhi na kuna kubadilisha matumizi pale kaunti. Kama ni fleti, kuna ile sheria ya 2020 ya Sectional Properties inayofanya kila nyumba iwe na hati yake, uliza devolopa ameanza hiyo safari ama bado. Halafu kibao cha NCA, mamlaka ya ujenzi, pale geti, leseni ya NEMA ya mazingira, ramani zilizopitishwa na kaunti, na mwisho cheti cha kuruhusu watu kuingia kuishi. Madam alitufanya tubebe fomu moja ya hivi vitu vyote na alisema kama devolopa hataki kukuonyesha hata kimoja, hiyo nyumba usiiuze hata akikupa komisheni mara mbili.

Nilipata nafasi ya kujaribu hiyo baada ya miezi miwili tu. Kuna saiti moja, siitaji, nilipewa nafasi nzuri sana na asilimia ya juu kuliko kila mahali, nikaomba kuona sachi, nikaambiwa kesho. Kesho ikawa wiki. Nikaacha. Roho iliniuma kweli juu wakati huo sikuwa nimeuza nyumba hata moja na kodi ya nyumba ilikuwa inaningoja, lakini wateja niliokuwa nao kwa simu walikuwa mwalimu mstaafu wa Rongai mwenye pesa yake ya pensheni na mwanajeshi wa pale Lanet na mke wake, ningewaangalia aje?

Wiki mbili za saiti ndizo nilizipenda kuliko zote, na pengine ni juu ya hardware. Tulipewa foremani atuzungushe, mtu wa maneno machache, tulikuwa tunamwita Fundi mkubwa. Kitu cha kwanza alituambia, "Usimwambie mteja nyumba itaisha Desemba. Mwambie slabu imemwagwa tarehe ngapi." Mwanzoni sikuelewa halafu nikaelewa. Desemba ni ahadi na inaweza kuanguka, mvua ikinyesha, simiti ikipanda bei, devolopa akikosa pesa ya wiki. Lakini slabu iliyomwagwa tarehe tatu imemwagwa, hakuna anayebisha, na mteja akijua zege hupimwa nguvu siku ya 28 basi hata yeye ataelewa kwa nini zile nguzo za mbao bado ziko hapo chini na kazi inaonekana kama imesimama. Siku hizi nikiwa na mteja aliyenunua nyumba ikiwa bado iko kwa ramani, haijajengwa, namtumia kila Ijumaa picha tatu na mstari mmoja: nini kimefanyika wiki hii. Sio nini kitafanyika. Nina mteja mmoja, dada anayefanya kazi Texas, hunipigia saa kumi na moja alfajiri huku, kwao ni saa tatu usiku, alikuwa ameshawahi kuliwa pesa ya ploti na mtu wa kwao kabisa na alikuja kwangu akiwa hamwamini mtu. Miezi mitano nimemtumia hizo picha. Nilimtumia picha za bikoni zote nne, yale mawe ya mipaka ya ploti yake, nilimtumia shimo la septiki tanki kabla halijafunikwa, nilimtumia hata siku ambayo hakuna kazi iliyofanyika na nikamwambia hakuna. Alilipa awamu ya tatu bila hata kuuliza.

Fundi mkubwa pia alituonyesha mambo ya hapa kwetu ambayo huwezi kusoma kwa noti za mtu. Tuko ndani ya Bonde la Ufa, Menengai iko hapo juu inatuangalia, na udongo wetu sehemu nyingi ni majivu ya volkano, mwepesi, mvua kubwa ikinyesha kuna sehemu ardhi inafunguka ufa. Kwa hivyo muuzaji anafaa kujua kama kulipimwa udongo kabla ya msingi na injinia alisema nini. Hatukufundishwa kumtisha mteja, tulifundishwa kwamba akiuliza usimeze mate. Na maji. Maji ya visima vya kuchimba huku Nakuru mengi yana floraidi nyingi, hayo meno ya kahawia tunayoyaona kwa watoto si uchafu, na kiwango cha shirika la afya duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwa hivyo kama ile estate ina borehole yake, uliza yalipimwa lini, karatasi iko wapi, na kama floraidi iko juu kuna mtambo wa kuyasafisha ama wamepanga maji ya kunywa ya NAWASSCO, kampuni ya maji ya hapa Nakuru. Mama mwenye watoto wadogo akiuliza hilo swali na wewe unajua jibu, hapo amekuamini kwa mengine yote. Dada mmoja tuliyesoma naye ametoka Kisumu aliuliza sasa kwetu huku Nyamasaria tunauliza nini, na Fundi akamjibu hapo hapo, udongo mweusi, unavimba ukinyeshewa na kusinyaa ukikauka, uliza msingi umeenda chini kiasi gani na waliuondoa ama walijenga juu yake.

Haya, ile nyota moja.

Noti walizotupa, kile kitabu kinene cha kopi, nusu yake ni ya Marekani. Na sisemi ni mbaya. Huko kazi ya kuuza nyumba mpya imekaa vizuri, mjenzi ana muuzaji wake pale kwa nyumba ya maonyesho na mnunuzi anaweza kuja na ajenti wake, na kwa kawaida mjenzi ndiye amekuwa akimlipa huyo ajenti. Lakini wajenzi wengi wa huko wana sharti, ajenti lazima awe na mteja siku ya kwanza anapokanyaga saiti ama amsajili kabla, la sivyo hana komisheni. Na tangu Agosti 17, 2024, baada ya kesi iliyohusu NAR, chama chao cha maajenti wa nyumba, maajenti walio kwa ile mifumo yao ya kuorodhesha nyumba lazima wasainiane makubaliano na mnunuzi kabla ya kumpeleka kuona nyumba. Hii sehemu ilikuwa kurasa kama mbili na mwalimu mwingine, sio Madam, aliipita kwa dakika kumi akasema hiyo ni mambo ya huko, turuke. Tukaruka.

Mimi kuruka huko kulinigharimu mauzo yangu ya kwanza. Nilipata mteja mwenyewe, nikampigia wiki tatu, nikampeleka saiti Jumanne na nauli yangu, tukazunguka nyumba nne, akapenda ya kona. Jumamosi akarudi na mke wake, wakapatana pale geti na ajenti mwingine, wakalipa dipoziti. Nilipoenda kuuliza nikaambiwa una karatasi gani kuonyesha huyu ni wako? Sikuwa nayo. Simlaumu yule mteja, yeye hakujua kuna kitu kama hicho, na huyo ajenti mwingine sijui aliambiwa nini. Lakini kama ile sehemu ingefundishwa saa mbili badala ya dakika kumi, na ikaletwa hapa kwetu, mtu akatuambia hivi ndivyo unafanya Nakuru, ningekuwa na komisheni yangu.

Sasa nafanya hivi na naandika ili mwingine asipitie. Kabla sijatoka na mteja natuma ujumbe kwa meneja wa mauzo wa hiyo saiti: jina la mteja, siku tunayokuja, nyumba tunazoenda kuona, na nangoja anijibu imepokelewa. Mteja mwenyewe namwambia kwanza kwamba natuma jina lake na kwa nini, juu sheria ya data ya 2019 iko na pia ni adabu tu, jina la mtu ni lake. Na kabla ya yote nina makubaliano yaliyosainiwa na mwajiri wangu na devolopa: asilimia ngapi, inalipwa lini, mteja akilipa dipoziti ama akimaliza yote, na mteja akighairi inakuwaje. Hiyo ya lini ni ya maana kuliko ya ngapi. Nyumba ya kwa ramani inaweza kuchukua mwaka na nusu, ukikubali kulipwa mwisho utakula nini hapo katikati? Kozi haikugusa hilo kabisa. Hata neno reteina, yaani malipo kidogo ya kila mwezi ukingoja komisheni, nililisikia kwa saiti kutoka kwa wenzangu.

Kitu kingine walifaa kukaza ni mikopo. Walitufundisha mortgeji, mkopo wa muda mrefu wa kununua nyumba, kama vile kila mtu ataipata, na nchi nzima hii mortgeji ni karibu 30,000 tu. Wateja wangu karibu wote ni sacco, pesa za kuuza shamba, chama, ama mtu wa ng'ambo analipa polepole. Kuna KMRC, kampuni ya kufadhili mikopo ya nyumba, inayopatia mabenki na sacco pesa ili wakopeshe watu kwa riba ya chini ya asilimia kumi, na hiyo nilienda kuulizia mwenyewe kwa sacco moja nikakaa na afisa wa mikopo asubuhi nzima, akanieleza vizuri, nikajiuliza kwa nini huyu hajaalikwa darasani hata siku moja. Pia wateja wananiuliza sana kama wangoje zile nyumba za serikali, zile 605 za Bondeni na zingine, na Boma Yangu, ule mtandao wa serikali wa kujiandikisha, inafanya aje. Muuzaji wa devolopa binafsi hafai kuzitukana hizo nyumba, anafaa kuzijua, juu kuna mteja ambaye kwa mshahara wake hiyo ndio njia yake na ukimwambia ukweli atakuletea ndugu yake mwenye uwezo. Imenitokea.

Mambo madogo madogo: darasa ni safi, viti vinaumiza mgongo ukikaa mpaka saa kumi, chai ipo lakini mandazi unanunua mwenyewe. Mnakuwa kama watu ishirini. Saiti wanakupa kofia ya mjengo, buti ujiletee. Walisema watatutafutia kazi, na walinipa namba tatu za kupiga, mbili zikajibu, hiyo ni sawa kwangu, ila kijana wa Kericho alipewa namba hizo hizo tatu na sisi wote ishirini, kwa hivyo usiende ukidhani kazi inakungoja. Nyumba yangu ya kwanza niliuza mwezi wa nne tangu nimalize. Weka akiba ya miezi sita kabla uache kazi uliyo nayo, na kama unaweza kufanya kama mimi, nilibaki hardware nusu siku mpaka Agosti, fanya.

Kwa wenye wameniuliza kama Madam bado yuko, ndio yuko, nilimpigia juzi kumwambia nimeuza ya tatu. Akaniuliza, "Ulimpa bei zote mbili?" Nikamwambia nilimpa. Masomo mapya yanaanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi, wanasajili mpaka Alhamisi, na ukienda waulize siku ya kwanza kabisa ile sehemu ya kumsajili mteja wataifundisha kwa muda wa saa ngapi. Waulizeni mkiwa wengi. Mimi Jumamosi niko Ngata na familia mbili, na majina yao nimeshatuma.